Hesabu Nyuma ya Kalenda

Kuku sita, yai moja.
Ndivyo nilivyoandika Jumatatu
nyuma ya kalenda ya duka la vipuri.
Jumanne nikachora sifuri,
sifuri nene, ya mviringo,
imekaa kama yai lenyewe, ikinicheka.

Mwanangu Muhanna akapiga simu kutoka Maskati:
"Mama, wachinje tu. Trei nzima ni riyali na nusu."
Nikamwambia haya baba, nimesikia.
Kusikia si kukubali.

Ibra mwezi wa saba, hata ukuta hauguswi.
Kuku wamesimama midomo wazi,
mbawa wameziachia zining'inie
kama mtu aliyekwenda kuanua nguo
akasahau alilofuata.
Nani atage ndani ya tanuri?

Nikaanza na maji.
Si yale ya ndoo nyeusi, yaliyochemka tangu asubuhi.
Maji ya mtungi, nimeuweka chini ya mndimu,
na saa nane mchana, watu wamelala,
natoka na bilauri ya barafu, naimimina polepole
asije Bi Shinuna akachungulia ukutani
akasema kuku wangu wanakunywa sharbati.

Kisha chakula.
Nilikuwa nawatupia wali wa jana na makombo ya mkate,
nikijiona karimu.
Rofikul, anayemwagilia mitende ya jirani,
alinitazama akatikisa kichwa.
Kwa Kiarabu chake na changu,
viwili vilivyovunjika vikashikana pale palipovunjika,
akanieleza: kwao, mama yake huwatwangia samaki.

Basi nikanunua dagaa wakavu wa Ashkhara,
gunia zima, kama la ng'ombe,
nikatwanga mpaka paka wote wa mtaa
wakapanga safu mlangoni.
Nikaongeza majani mabichi, yale ya gati, nimeyakatakata.
Na maganda ya mayai ya zamani
nikayaanika, nikayasaga,
nikayarudisha yalikotoka.
Ganda halishuki na mvua. Kuku hulitoa mifupani mwake.

Majivu shimoni, wapate kuoga vumbi, utitiri uwatoke.
Sanduku la tende, nyasi kavu ndani,
kona yenye giza,
maana hata mimi siku ya kumzaa Muhanna
sikutaka kutazamwa.

Halafu nikangoja, na hapo ndipo pagumu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Nilifika hapa mwaka wa sabini na tatu, natoka Wete,
Kiarabu kimenikwama kooni kama mwiba wa changu.
Nyumba nzima walinisubiri niseme kitu.
Mama mkwe hakuniuliza mbona huongei.
Aliniwekea maji.
Aliniachia kona yangu, upande wa jikoni,
akafukuza watoto waliokuja kunichungulia.
Mwezi wa nne nilitamka sentensi nzima, mwanzo hadi mwisho.
Ilikuwa ya kuomba chumvi.
Akanipa, akaendelea kukata vitunguu
kana kwamba hakuna lililotokea,
ila niliona kisu kimetulia kidogo.

Wiki ya tatu, Jumatano: mawili.
Alhamisi: mawili, moja ganda laini, limebonyea kidoleni.
Nikazidisha maganda.
Ijumaa nikajizuia nisiende mpaka baada ya sala.
Manne. Moja bado lina joto,
nikaliweka shavuni, mwanamke mzima,
nikatazama ukutani. Bi Shinuna hayupo.

Mawili nikamfungia Rofikul katika karatasi ya gazeti.
Muhanna alipopiga nikamwambia tu, aa, hawajambo.

Yule mwekundu, mwenye kisogo kipara, hatagi.
Umri umemfika.
Anakula dagaa kama wenzake,
anakunywa barafu kama wenzake.
Kwenye kalenda, mstari wake,
naandika kistari.
Sifuri simwandikii.